Kikombe Ambacho Hakikuwa Kwenye Orodha

Siku nilipokabidhi funguo za stoo ya shule, Anna, dada aliyezipokea, aliniomba nimwandikie mambo ya kazi. Nikamwambia mambo yenyewe ni machache: kitasa cha mlango wa nyuma kinazunguka kinyume, panya wanapenda gundi kuliko karatasi, na pazia jekundu lisikunjwe likiwa na unyevu. Akasema, "Hayo umeshanieleza mara tatu, mzee. Niandikie yale mengine." Sikuelewa vizuri ni yapi. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, na kuandika kwangu ni kule kwa daftari la stoo: kitu, idadi, kimetoka, kimerudi. Lakini kwa miaka mingi nimekuwa na kijidaftari changu cha pembeni cha mambo ya siku, na humo ndimo nilimoyatoa haya. Penye kosa nisahihishwe. Nimeshasahihishwa kwa kosa kubwa kuliko yote, na ndilo nitakaloeleza.

Siku ya kwanza nilifika shuleni Kijenge asubuhi ya manyunyu, Mlima Meru hauonekani, viatu vimejaa tope. Nilidhani nimechukuliwa kutunza majembe na mafyekeo. Mtunza stoo wa wakati huo, Mzee Ayo, alinifungulia mlango. Ndani nikaona majembe kweli, lakini nyuma yake kulikuwa na taji la boksi, bunduki tatu za mbao, ndevu za katani zimetundikwa msumarini, na jeneza.

"La nani hili, mzee?" nikauliza.

"La yeyote atakayekufa mwaka huu," akasema. "Mwaka jana alikufa mtoto wa mwalimu mkuu. Alikufa vizuri sana, wazazi walilia."

Ndivyo nilivyojua kwamba shule ile ilikuwa na desturi ya kucheza tamthilia, na kwamba mwenye stoo ndiye mwenye vifaa vya jukwaani. Jukwaa lenyewe lilikuwa upande mmoja wa bwalo, pale wanafunzi wanapokula ugali, na mlango wa stoo ulifungukia ubavuni mwake. Harufu ya maharage haikuwahi kututoka, hata mfalme akiwa kwenye kiti chake.

Mzee Ayo alinifundisha kazi kwa vitu vitatu: kauntabuku, penseli na chaki. Chaki ni ya kuweka alama sakafuni, kiti kikae wapi na mtu asimame wapi. Penseli, kwa sababu wino hauna huruma. Kauntabuku ni la orodha. Kabla ya mchezo unausoma mswada wote, kidole mstari kwa mstari, na kila kitu unakiandika mara moja tu, mbele ya jina la mhusika anayekiingiza jukwaani. "Kikishaingia, kimeingia," alisema. "Wakikishika wengine baadaye, wakikivunja, wakikitupa, wewe hukihitaji tena mpaka pazia lishuke. Usijichoshe." Penye kitu kilichokwisha kuingia niliambiwa niandike K pembeni mwa mswada, maana yake kipo tayari. Nimetumia njia hiyo mpaka siku ya mwisho na haijawahi kupoteza hata kijiko. Nasema hivyo ili asilaumiwe Mzee Ayo. Njia yake ilikuwa nzuri kwa kazi yake. Mimi ndiye niliyeiacha ikafanya kazi isiyo yake.

Mzee Ayo alipostaafu nilibaki peke yangu, na baada ya miaka kadhaa akaja Mwalimu Massawe kufundisha fasihi. Alikuwa mtu wa Machame, mrefu, sauti ya kwaya, na alipenda kufundishia bwaloni kwa sababu aliweza kutembea. Hakuna siku aliyomchapa mwanafunzi. Alipenda kuwa sahihi, hilo nalo ni kweli, nami naliandika kwa sababu nitayaandika na yangu.

Alikuwa akisomesha uhakiki wa Kimarx. Nilimsikiliza kutoka mlangoni mwa stoo, nikiwa nashona au nabandika, kisha nikaanza kuvuta benchi na kukaa nyuma kabisa. Kwa jinsi nilivyouelewa, na huenda nimeuelewa vibaya, ni kuitazama hadithi ukiuliza mali ni ya nani na jasho ni la nani, halafu kuangalia jinsi maneno yanayosemwa humo yanavyomfaa mwenye mali. Yeye alisema kwa ufupi zaidi. "Msikimbilie kuniambia ujumbe wa mwandishi. Niambieni kwanza: nani anafanya kazi, nani anakula, nani anaongea?"

Mwanafunzi mmoja alimuuliza, "Mwalimu, na wewe si una dada wa kazi nyumbani?"

"Ninaye," akajibu. "Nami nimo kwenye tabaka. Kaa chini."

Tamthilia aliyoipenda ilikuwa ya hapohapo shuleni, imeandikwa kwa taipu na mwalimu wa zamani ambaye mimi sikumkuta. Inamhusu Bwana Lazaro, mwenye shamba la kahawa upande wa juu wa mlima, anayefunga mfereji ili maji yasiwafikie wa chini. Naomi ndiye mtumishi wake wa ndani. Naomi hana maneno mengi, nadhani hayajai ukurasa. Lazaro anaongea mpaka unachoka, na maneno yake makubwa ni haya: "Nyumba hii nimeijenga kwa mikono hii."

Siku moja Mwalimu alikuja stoo kuulizia taa ya chemli, akaliona kauntabuku langu limefunguliwa kwenye orodha ya mchezo huo. Akasimama. Akaanza kusoma kwa sauti. Mbele ya jina la Naomi: sinia, birika, vikombe viwili, sukari, beseni, maji, kuni, taa, koti la bwana, viatu vya bwana, na vingine mpaka chini ya ukurasa. Mbele ya vibarua: magunia, majembe, ngazi. Mbele ya jina la Lazaro: fimbo.

"Bwana Kaaya," akasema polepole, "umeandika hii mwenyewe?"

"Ni ya stoo tu, Mwalimu."

"Ni ya stoo! Mtu huyu anasema amejenga nyumba kwa mikono yake, na mchezo mzima mikono yake haigusi kitu ila fimbo. Miaka yote natafuta namna ya kuwaonyesha watoto, kumbe iko kwenye kauntabuku!"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Orodha yangu haikuwa ya kugusa, ilikuwa ya kuingiza. Nilijua tofauti hiyo kama ninavyojua kitasa changu. Lakini aliliomba kauntabuku kwa mikono miwili, na wiki iliyofuata notsi zake zilitoka, kurasa nne za fotokopi, na ukurasa wa pili ulisema: "Kwa mujibu wa orodha ya Bwana Kaaya, Lazaro hagusi kitu chochote isipokuwa fimbo." Jina langu lilikuwa halijawahi kupigwa chapa popote zaidi ya kwenye kadi ya kliniki. Nakala moja niliipeleka nyumbani Olasiti, mke wangu akaiweka ndani ya Biblia. Nikanyamaza, na miaka sita ikapita nimenyamaza.

Mwaka wa saba alikuwepo binti wa kidato cha sita anaitwa Upendo. Mama yake alikuwa anaosha vyombo kwenye hoteli moja ya watalii upande wa Momela, na baba hakuwepo. Upendo hakuwa mwepesi wa kuongea, lakini akiongea humwondoi kwenye neno lake. Mwaka huo tuliupanga mchezo wa Lazaro kwa siku ya wazazi, na kabla ya pazia kufunguliwa mwanafunzi mmoja alikuwa asome uhakiki mbele ya watu wote. Mwalimu alimchagua Upendo. Mama yake akaomba ruhusa kazini wiki mbili kabla, na ruhusa kule si kitu cha kuomba mara mbili.

Zikiwa zimebaki siku tano, Mwalimu alikuwa anapitia ule mstari wa fimbo, Upendo akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huo mstari siwezi kuusoma. Lazaro anaosha kikombe."

"Wapi?"

"Onyesho la tatu, mwishoni. Naomi ameshaondoka na watu wa chini kwenda kuufungua mfereji. Lazaro amebaki peke yake, anachukua kikombe mezani, anakiosha."

Mwalimu akafunua nakala yake. Wengine nao wakafunua. Hakuna aliyekiona. Baadaye nilielewa kwa nini: fotokopi za tamthilia zilikuwa zimekata mistari miwili ya chini ya ukurasa ule, na Upendo alikuwa ameazima kwangu mswada wenyewe wa taipu akaunakili kwa mkono. Lakini wakati ule bwalo lote lilimwona binti anayebishana na karatasi.

"Kipo kwenye orodha ya Bwana Kaaya?" Mwalimu akauliza.

"Hakipo."

"Basi."

"We Upendo, kikombe umekiota," kijana mmoja aitwaye Godfrey akasema, na wote wakacheka. Yeye ndiye aliyekuwa anamcheza Lazaro.

"Mama yangu anaosha vikombe, Godfrey. Mtu akiosha kikombe mimi naona."

"Upendo," Mwalimu akasema, "uhakiki hausomwi kwa macho ya mama. Kama mstari huwezi kuusoma, atausoma mwingine." Akamtaja msichana mwingine palepale. Upendo akakaa. Hakulia. Alikunja karatasi yake mara nne, ikawa ndogo kama kiberiti.

Mimi nilikuwa kwenye benchi langu la nyuma.

Saa nane Upendo alikuja mlangoni mwa stoo. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Naomba ule mswada wa taipu. Nimwonyeshe Mwalimu mwenyewe."

Nikamwambia, "Umefungiwa kabatini, mwanangu. Njoo kesho." Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu, kwa kamba, na yeye aliuona. Akasema ahsante, akaondoka. Nimeliandika hili kwa sababu nikiliacha, yote ninayoandika baada yake yatakuwa ya kujisifu.

Alipoondoka nilifungua kabati. Ukurasa ule niliupata upesi. Maneno yalikuwepo: "Lazaro anachukua kikombe, anakiosha katika beseni, anakirudisha mezani." Na pembeni mwake, kwa penseli yangu, kwa mwandiko wangu, K. Kikombe kilikuwa kimekwisha kuingizwa na Naomi, basi nikaweka alama na kuendelea mbele. Kidole changu kilikuwa kimepita juu ya neno lile. Nilikuwa nimeliona kabla Upendo hajaingia shuleni.

Nilikaa juu ya jeneza, maana ndilo kiti kizuri kuliko vyote mle ndani. Nikafikiri juu ya karatasi iliyomo kwenye Biblia. Nikafikiri kwamba nikisema, Mwalimu ataaibika mbele ya darasa, nami nitarudi kuwa mzee wa majembe. Nikafikiri pia juu ya mwanamke anayetoka Momela na ruhusa yake mkononi, atakuja kukaa kwenye benchi kumsikiliza mtoto wa mwenzake. Sikuwaza jambo kubwa zaidi ya hapo. Ningependa kuandika kwamba niliifikiria haki ya wanyonge, lakini niliyemfikiria ni yule mama.

Asubuhi nilimkuta Mwalimu chumba cha walimu, anakunywa chai.

"Mwalimu, ile orodha."

"Ina nini?"

"Haisemi nani anagusa. Inasema nani anaingiza. Kitu kikishaingia mimi sikiandiki tena."

Akakiweka kikombe mezani. Nikamfungulia mswada, akasoma, kidole chake kikafika kwenye alama yangu.

"K ni nini?"

"Kipo tayari."

"Miaka sita, Bwana Kaaya."

"Miaka sita, Mwalimu."

"Na ulikuwa unanisikia ninavyofundisha?"

"Nilikuwa nakaa palepale nyuma."

"Kwa nini hukusema?"

"Jina langu lilikuwa kwenye karatasi."

Nilitegemea anifokee, na angekuwa na haki. Akasema tu, "Langu lilikuwa juu yake, kubwa zaidi," akachukua mswada na kwenda bwaloni. Nami nikaenda nyuma yake, maana kujificha nilishajificha vya kutosha.

Mbele ya darasa aliyasoma yale maelekezo mara mbili, ya pili polepole. Kisha akasema, "Upendo amesoma tamthilia. Mimi nimesoma orodha. Upendo, nafasi yako irudi kwako." Yule msichana mwingine akashusha pumzi kama aliyetuliwa ndoo. Mwalimu hakunitaja. Nikasimama mwenyewe nikasema orodha ni yangu, kosa ni langu, na jana nilimnyima Upendo mswada nikiwa na ufunguo shingoni.

Godfrey akauliza, "Kwa hiyo Mwalimu, Umarx umekufa?"

"Haujafa. Utakayekufa ni wewe, kwenye mtihani."

Lililofuata ndilo somo zuri kuliko yote niliyoyasikia bwaloni mle. Mmoja alisema Lazaro amelainika moyo. Mwingine akasema hapana, anaosha kwa sababu mtumishi ameondoka na wageni wanakuja. Siku Naomi akirudi hataosha tena. Wakapigana kwa maneno mpaka kengele ya chai. Upendo ndiye aliyewanyamazisha.

"Mezani vipo viwili," alisema. "Kimoja alinywea yeye, kimoja alinywea mgeni wake wa asubuhi. Ameosha kimoja."

"Kipi?" Mwalimu akauliza.

"Haijaandikwa."

Mwalimu akaweka chaki chini. Akasema kumbe alikuwa anamtaka Lazaro asiguse kitu ili somo liwe rahisi, na kwamba swali zuri zaidi ni nini kinamfanya mtu aone kikombe kimoja kati ya viwili. Mimi bado sijui jibu.

Siku ya wazazi Upendo aliusoma uhakiki wake, kurasa mbili, karatasi ina mikunjo. Mama yake alikaa benchi la tatu, amevaa sweta la kazini kwa sababu alitoka zamu moja kwa moja. Godfrey akamcheza Lazaro, na kwa mara ya kwanza katika historia ya jukwaa letu kikombe kilioshwa. Niliweka maji ya kweli kwenye beseni. Matone yalisikika mpaka benchi la nyuma.

Baadaye, wakati wa kunywa soda, Mwalimu alimwendea mama yule. "Mama Upendo, umeonaje?"

"Mtoto amesoma vizuri, namshukuru Mungu. Ila yule baba hakuosha kikombe."

"Ameosha, mama. Si umeona?"

"Amekilowesha. Sabuni iko wapi? Na vidole hakuviingiza ndani. Mwalimu, mimi naosha vikombe tangu alfajiri, kile ningekirudisha kwenye beseni."

"Mama, jamani!" Upendo akajifunika uso.

Lakini Mwalimu hakucheka. Alitoa kalamu akaandika nyuma ya ratiba, akamwomba arudie ile ya vidole. Notsi za mwaka uliofuata zilibadilika. Pale palipokuwa na jina langu pakasomeka: "Lazaro anaingiza fimbo na anaosha kikombe kimoja kati ya viwili. Jadili. Zingatia sabuni." Nakala hiyo nayo iko kwenye Biblia, pamoja na ya kwanza. Mke wangu alitaka kuitupa ya kwanza nikamkataza.

Mwalimu alihamishwa baadaye, tukaagana vizuri. Orodha niliendelea kuitengeneza kwa njia ya Mzee Ayo, ila niliongeza safu moja, "kimeshikwa na nani", na Anna ataiona kwenye kauntabuku. Inachosha kidole. Naomba asiiache.

Siku shule iliponiaga, Upendo alikuja. Sasa ni mwalimu, anafundisha fasihi shule nyingine hapa mjini. Nilipotaka kuinuka kusaidia kupanga viti akanishika bega, "Kaa, mzee, leo wewe ni mgeni." Nikakaa. Nikanywa chai, nikapewa blanketi na maneno mazuri kuliko nilivyostahili. Na kwa mazoea yangu nikawa natazama nani ameingiza nini. Nilipogeuka kukitafuta kikombe changu, kilikuwa kimeshaondolewa. Sikumwona aliyekiondoa.

Nilikwenda nyumbani na jambo hilo. Miaka yote hiyo nimehesabu vikombe vya Bwana Lazaro, na vya nyumbani kwangu sijawahi kuviandika. Jioni jua halijazama, mimi na mke wangu tukanywa chai uani. Alipoingia ndani kutafuta chumvi ya mboga, nikavuta beseni nikaosha. Viwili, chake na changu. Niliingiza vidole. Sabuni nilitia, tena nyingi, kwa ajili ya Mama Upendo.

Mke wangu akatoka, akasimama. "Baba Eliya, unaumwa?"

"Siumwi. Nimestaafu."

Akachukua kimoja, akakiinua kwenye mwanga, akakinusa. Akachukua na cha pili. Kisha akamimina maji safi. "Hujasuuza," akasema, akaanza upya, na nilimsikia akicheka mgongo ukiwa umenielekea.

Nikachukua penseli. Kwenye kijidaftari, siku hiyo, imeandikwa: Kaaya, vikombe viwili. Vimerudiwa.